Injili ya Amani na Swali la Uhalali wa Vita katika Nchi ya Wagusii, 1905–2008

Wagusii walikutana na bombomu miaka sita kabla ya kukutana na padri. Mwaka 1905 kikosi cha Keya kiliingia Getutu kikiwa na silaha ambayo mikuki na ngao za ngozi hazikuweza kuikabili. Mwaka 1911 ndipo Wamisheni wa Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu, katika nchi ileile ya Getutu ambamo Mosocho nayo imo, na mwaka uliofuata Waadventista wa Sabato wakaanzisha yao Nyanchwa. Mfuatano huo si jambo la tarehe tu. Mtu aliyehubiriwa kwamba Mungu ni Mungu wa amani alikuwa bado anayakumbuka majivu ya boma la baba yake, naye alijua vizuri kwamba mhubiri na askari walipita njia moja kufika kwake, na kwamba mhubiri hangefika kama askari hakutangulia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi fundisho la Kikristo kuhusu vita na amani lilivyoingia katika nchi hiyo, jinsi lilivyopimwa na matukio, na jinsi lugha yenyewe ilivyobeba mzigo wa fundisho hilo. Wanahistoria wa Gusii wameandika mengi juu ya upinzani dhidi ya ukoloni, hasa juu ya Otenyo na Moraa. Wanahistoria wa Kanisa nao wameandika juu ya misheni, shule na hospitali. Ni nadra kukuta makundi haya mawili yakisomana, na kwa sababu hiyo swali lililo katikati yao limebaki bila mwenyewe: je, vita vilivyoifungulia Injili mlango vilikuwa vita vya haki kwa kipimo cha Injili yenyewe?

Ili kulijibu, yafaa kwanza kukitaja kipimo hicho. Wakristo wa karne za mwanzo walivitazama vita kwa mashaka makubwa, na wengi wao waliona kuwa kazi ya upanga haipatani na ubatizo. Aliyeyageuza mawazo hayo kuwa nadharia alikuwa Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliishi kutoka 354 hadi 430, na alipofariki mji wake ulikuwa umezingirwa na Wavandali. Kwake vita ni msiba hata vinapokuwa vya lazima, na mtu mwema hupigana akiwa na huzuni. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliyapanga mawazo hayo katika masharti matatu: vita vitangazwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na wanaopigana wawe na nia njema, yaani watafute amani, si kisasi wala mali. Baadaye likaongezwa sharti la kadiri, kwamba madhara ya vita yasizidi uovu unaorekebishwa.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kuwa nadharia hii ilikwisha kuhojiwa kuhusu ukoloni kabla Waingereza hawajafikiria kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1539, huko Salamanca, mwanateolojia Francisco de Vitoria aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Wahispania hawawezi kuwapiga vita wenyeji wa Marekani kwa sababu tu wenyeji hao wamekataa imani, wala kwa sababu mfalme anataka kuipanua milki yake. Vitoria aliacha mianya mingine ambayo wakoloni waliitumia baadaye, na haifai kumfanya shujaa kuliko alivyokuwa. Hata hivyo, hakuna awezaye kusema kwamba mwaka 1908 Ukristo haukuwa na maneno ya kuyahukumu yaliyotendeka Getutu. Maneno yalikuwapo kwa muda wa karne tatu na nusu.

Yaliyotendeka ni haya. Mwaka 1907 Waingereza walijenga kituo cha utawala mahali paitwapo Getembe, ambapo wenyeji walipaita pia Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Afisa wa kwanza alikuwa G. A. S. Northcote. Januari 1908, wakati wa mzozo juu ya ng'ombe waliokuwa wakikusanywa kwa nguvu, kijana mmoja wa Getutu aitwaye Otenyo alimchoma mkuki. Masimulizi ya Wagusii husema kuwa aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke aliyewatahadharisha watu juu ya wageni hao tangu mwanzo. Northcote hakufa, alipona, akapanda vyeo hata akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Lakini kikosi cha kuadhibu kilitumwa. Mamia ya Wagusii waliuawa, nyumba na maghala yakateketezwa, na ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu. Otenyo alikamatwa akauawa. Mauaji yalikuwa mengi kiasi cha kumshtua hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London na ambaye hakuwa mtu mwepesi wa kuudhiwa na vita. Alipeleka malalamiko yake kwa maandishi, akiuliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile.

Tukio hili likiwekwa mbele ya masharti ya Aquinas, moja moja, halipiti. Mamlaka ya Waingereza juu ya Getutu yalitokana na upanga wa mwaka 1905 na si na mapatano yoyote na wazee wa nchi. Sababu ilikuwa jeraha la mtu mmoja, tena mtu aliyepona. Nia ilionekana katika idadi ya ng'ombe. Na kuhusu kadiri, Churchill amekwisha kutoa ushahidi. Mtu anaweza kupinga kwamba maafisa wa Keya hawakusoma teolojia. Ni kweli, lakini Wamisheni waliokuja miaka mitatu baadaye walikuwa wameisoma, na mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa na Herbert Vaughan mwaka 1866, waliifundishwa nadharia ya vita vya haki seminarini kama sehemu ya kawaida ya masomo ya maadili. Walijenga misheni yao juu ya amani iliyotokana na vita hivyo. Wangeweza kufanya nini kingine? Swali hilo si la dhihaka. Padri aliyefika Nyabururu mwaka 1911 akakuta watu wanaokufa kwa maradhi, na watoto wanaotaka kusoma, hakuwa na sababu ya kuanza na kesi ya mwaka 1908. Lakini kesi isiyosikilizwa haifutiki, na miaka mitatu baadaye ilirudi kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Kabla ya kufika hapo, neno moja kuhusu Wagusii wenyewe, maana iko hatari ya kuwachora kama kondoo. Wagusii waliijua vita. Vijana wao walikaa katika ebisarate, kambi za ng'ombe ambamo walijifunza kuchunga na kupigana, na katika muongo wa mwisho wa karne ya 19 waliwashinda Wakipsigis katika mapigano ya Saosao ambayo pande zote mbili zimeyahifadhi katika masimulizi. Walipigana pia na Wamasai, na mara nyingine na majirani zao Wajaluo, ambao pia waliozeana nao na kubadilishana nafaka na mifugo. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo karibu na mwaka 1912. Miongoni mwa Wagusii walikuwapo vilevile watu waliouona mwisho wa mikuki kabla haujafika. Mtabiri Sakawa wa Getutu anakumbukwa kuwa alitangaza ujio wa wageni na kunyang'anywa silaha kwa vijana. Watu hawa, basi, walikuwa na fikra zao juu ya lini mtu apigane na lini aache, na Injili ilikuja kuzungumza na fikra hizo.

Sasa tukio la Septemba 1914. Vita vya Wazungu vilipozuka, mpaka wa makoloni ya Waingereza na Wajerumani ulipita kusini tu ya nchi ya Wagusii. Jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wa ziwa, na Septemba 11 likaingia Getembe bila kupigana, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameondoka. Kesho yake kikosi cha Keya kilirudi, yakatokea mapigano makali kando ya mji, maafisa wa pande zote mbili wakafa pamoja na askari wao Waafrika, na Wajerumani wakarudi nyuma. Katika siku hizo za mji usio na mwenyewe, Wagusii waliishukia Bosongo. Walivunja ofisi za serikali na maduka ya Wahindi. Walikwenda pia Nyabururu na Nyanchwa, wakaipora misheni ya Wakatoliki na misheni ya Waadventista.

Vitabu vya misheni vililitaja tendo hili kama wizi na kukosa shukrani. Kwa mtazamo wa mwenye kiti na vitabu vilivyochukuliwa, lilikuwa hivyo. Lakini aliyeibeba meza ya padri siku ile hakuwa mwizi wa usiku. Alikwenda mchana, pamoja na jamaa zake, kama watu waendavyo kuchukua nyara baada ya adui kukimbia. Kwake, misheni na boma vilikuwa kitu kimoja. Wageni walikuja pamoja, wakajenga kwa mabati yaleyale, na sasa walikuwa wamekimbia pamoja. Mapadri wengi wa Mill Hill walikuwa Waholanzi, raia wa nchi isiyoshiriki katika vita hivyo, lakini Getutu haikuwa na desturi ya kuuliza pasipoti. Pia ng'ombe wa mwaka 1908 walikuwa hawajarudishwa. Waliopora Nyabururu walitoa, kwa vitendo, hukumu juu ya swali ambalo mapadri hawakulijadili hadharani: kwamba amani iliyosimamishwa na vita visivyo vya haki ni mapumziko tu kati ya vita na vita. Augustino asingeikataa hukumu hiyo, ingawa bila shaka angeidai meza irudishwe.

Waingereza waliporudi walitwaa ng'ombe tena kuwa adhabu. Mapadri nao walirudi, wakaanza upya.

Kilichofuata ni cha kusikitisha zaidi, na hakikuihusu Gusii peke yake. Vita vilihitaji wapagazi, na vijana wa nchi ya Wagusii, kama wa sehemu nyingine za koloni, walichukuliwa kwa maelfu kuingia katika kikosi ambacho jina lake lingali likiitwa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Hesabu za Waingereza zenyewe zinakubali zaidi ya vifo 40,000 vya wapagazi wao katika Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Methali ya fahali wawili na nyasi imetumiwa mno hata imechakaa; hapa lakini nyasi zilikuwa zimefungwa mizigo mgongoni.

Makanisa yalifanya nini? Yapo majibu matatu, na kila moja lina uzito wake. La kwanza ni kushiriki. Mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa Misheni ya Skoti huko Kikuyu aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wafuasi wa misheni, akitumaini kwamba wakiwa chini ya watu wanaowajua wangetendewa kwa huruma zaidi. Kabla yake, mwaka 1916, Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alikwisha kuongoza wapagazi wa Zanzibar barani akiwa na cheo cha meja. Ni rahisi kuwacheka leo. Weston, hata hivyo, alirudi akiwa ameona kwa macho yake namna mwili wa Mwafrika ulivyotumiwa, na mwaka 1920 alichapisha kijitabu kikali dhidi ya sera ya kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Waingereza. Askofu aliyevibariki vita kwa kuvitembea kwa miguu alijifunza humo kitu ambacho maaskofu wengi waliokaa nyumbani hawakujifunza. Vita vyenyewe hakuvikana, na hapo ndipo mwisho wa somo lake.

Jibu la pili ni la Waadventista, na kwa nchi ya Wagusii ndilo lenye maana kubwa zaidi, kwa vile kanisa hilo lilikuja kuwa mojawapo ya makanisa makubwa kabisa ya nchi hiyo. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, Waadventista walikuwa wametangaza kwamba waumini wao hawachukui silaha. Wanaitii serikali katika mengine, wanaweza kuwauguza majeruhi, lakini hawaui. Kwa maneno hayo wangeweza kuwa mashahidi wa amani. Lakini Agosti 1914 viongozi wa Waadventista wa Ujerumani waliiarifu serikali yao kwamba waumini wangepigana, hata siku ya Sabato. Waliopinga walifukuzwa, na kutokana na mfarakano huo likazaliwa kundi jingine. Yafaa ikumbukwe kwamba kanisa hilihili lilikuwa na misheni pande zote mbili za mpaka: Gendia na Nyanchwa upande wa Waingereza, Upare na kandokando ya ziwa upande wa Wajerumani. Jeshi lililoingia Getembe Septemba 1914 lilitoka katika koloni ambamo wahubiri wa Sabato ileile walikuwa wakifundisha. Mwaka 1920, katika mkutano wa Friedensau, viongozi wa Ujerumani walieleza kujuta kwao kwa matamko ya wakati wa vita. Makanisa machache ya wakati huo yalithubutu kufanya hata hilo.

Jibu la tatu halikutoka kwa Wamisheni. Mwaka 1913, Alego katika nchi ya Wajaluo, Onyango Dunde alianza kutangaza ujumbe wa mungu Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, na mafundisho hayo yakaenea Gusii yakachanganyika na kumbukumbu za Sakawa. Mumbo aliukataa Ukristo na kuahidi kuwa Wazungu wataondoka. Kwa kawaida dini hii huhesabiwa katika orodha ya upinzani, na serikali iliitazama hivyo, ikawakamata viongozi wake na kuwahamishia mbali na kwao. Lakini kwa anayechunguza maadili ya vita, jambo la ajabu ni kwamba Mumbo hakuwataka wafuasi wake wachukue mikuki. Walitakiwa wangoje, kuondoka kwa wageni kungeletwa na nguvu isiyo ya binadamu. Watu waliopigwa mwaka 1905 na 1908, wakaadhibiwa mwaka 1914, walijijengea imani ya kungojea ukombozi pasipo vita, na walifanya hivyo nje ya Kanisa, wakati Kanisa lenyewe lilikuwa likiwaandikisha wapagazi. Waadventista wa Kijerumani wangeona aibu kulisoma hili.

Hapa panahitaji kusimama kidogo juu ya maneno. Neno la Ekegusii kwa amani ni omorembe, ndugu ya mirembe ya Kiganda na ya mulembe wanaosalimiana nayo Waluhya. Ni neno la kale la Kibantu cha eneo la ziwa, na hutajwa katika salamu na katika baraka, kwa hiyo lina harufu ya nyumbani. Amani ya Kiswahili ina asili nyingine. Katika Kiarabu, amani ni usalama anaopewa mtu, hasa mgeni au aliyeshindwa, na yule mwenye uwezo wa kumdhuru. Asili ya neno haifungi matumizi yake, na Mswahili asemaye amani leo hafikirii hata kidogo dhamana ya sultani. Lakini katika vinywa vya maafisa wa kikoloni neno lilirudi karibu sana na asili yake: kulikuwa na amani katika wilaya ikiwa kodi ililipwa na bunduki hazikulia. Hiyo ilikuwa amani itolewayo kutoka juu, na aliyeitoa aliweza kuiondoa. Mkristo wa Gusii aliyesali kwa Kiswahili na kusalimiana kwa Ekegusii alikuwa na amani mbili kinywani, na si ajabu kwamba hazikukutana daima.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni wapatanishi. Katika orodha ya heri zilizo katika Injili ya Mathayo, Kigiriki kinawataja wale wanaofanya amani, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952 waliwaita wapatanishi. Ukilifungua neno hilo utakuta hatua zake zote: kupata, kupatana, kupatanisha. Mtu hawezi kupatanisha pasipo kuwapo wawili wanaogombana, na hawezi kuwapatanisha pasipo kuyajua madai ya kila mmoja. Wafasiri wangeweza kuchagua neno tulivu zaidi, mathalani wapenda amani, na kila mtu angejiona yumo. Walichagua neno la kazi. Kwa wazee wa Kigusii waliozoea kukaa katika etureti, baraza la kusuluhisha, wakisikiliza habari ya ng'ombe na damu mpaka pande zote zikubali fidia, neno hilo halikuhitaji maelezo. Agano Jipya la Ekegusii lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988.

Vita Kuu ya Pili inaweza kupitwa upesi, si kwa sababu ilikuwa ndogo, bali kwa sababu swali halikubadilika sana. Vijana wa Gusii, wengi wao sasa wakiwa wamebatizwa, walikwenda na Keya mpaka Burma, makasisi waliwaombea, waliorudi walitaka shule na uhuru.

Mabadiliko makubwa yalitokea baada ya 1960. Mwaka huo Kisii ilifanywa kuwa jimbo la Kikatoliki, na askofu wake wa kwanza akawa Maurice Otunga, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, ambaye alikuwa ameukataa urithi wa uchifu ili awe padri. Mosocho, ambapo Mabruda wa Tilburg kutoka Uholanzi waliendesha shule, palikuja kubeba jina lake: Shule ya Cardinal Otunga. Mabruda hao walitoka katika taifa lililokaliwa na majeshi ya Hitler kuanzia 1940 hadi 1945. Walipofundisha juu ya vita, hawakufundisha habari za vitabuni tu.

Otunga alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano akiwa askofu wa Kisii. Aprili 1963 Papa Yohane wa 23 alikuwa ametoa barua yake juu ya amani duniani, ya kwanza ya aina hiyo kuelekezwa kwa watu wote wenye mapenzi mema na si kwa Wakatoliki peke yao, akiisimika amani juu ya kweli, haki, upendo na uhuru. Desemba ya mwaka huohuo Kenya ikapata uhuru wake. Na Desemba 7, 1965, Mtaguso ulitoa waraka juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo. Waraka huo haukuifuta nadharia ya vita vya haki, kwani ulikubali haki ya serikali kujilinda njia zote za amani zinapokuwa zimekwisha. Lakini ulilaani bila masharti tendo lolote la vita linaloteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake, ukataka sheria ziwajali wale ambao dhamiri zao zinawakataza kushika silaha, na ukasema kwamba amani si kukosekana kwa vita tu bali ni tunda la haki. Kwa masikio ya Getutu, hilo la mwisho lilikuwa la zamani. Lilikuwa limekwisha kusemwa Nyabururu mwaka 1914, kwa lugha isiyo ya Kilatini.

Maisha ya Otunga yanaonyesha jinsi fundisho hili lisivyo rahisi. Alihamia Nairobi akawa askofu mkuu, akafanywa kardinali mwaka 1973, na kuanzia 1981 hadi 1997 alikuwa pia askofu wa majeshi ya Kenya. Mtu yuleyule aliyekaa katika Mtaguso uliotetea dhamiri ya asiyepigana ndiye aliyekuwa mchungaji wa wanaopigana. Mquaker wa Kaimosi, ambako Wamarekani wa dhehebu hilo walifika mwaka 1902 na ushuhuda wao wa kukataa vita vyote, ataona hapo ukinzani. Mkatoliki atasema kuwa askari ndiye anayehitaji dhamiri kuliko mtu mwingine yeyote, na kumwacha bila askofu ni kumwacha na bunduki peke yake. Hoja ya pili ina nguvu zaidi ya ile ya kwanza mahali ambapo askari wapo na hawaondoki. Lakini nguvu yake inategemea kama askofu huyo husema la kusema siku inapofika.

Siku hiyo ilifika, ila si kwa majeshi. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka Meteitei, Nandi, na mwaka 1992 yakaufikia mpaka wa Wagusii na Wakipsigis katika Borabu na Sotik. Mishale ilitumika, nyumba zikachomwa, na wakimbizi wakajaa katika shule na makanisa. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa barua ya kichungaji mwaka huo wakitaka haki, upendo na upatanisho. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilichapisha taarifa ya uchunguzi Aprili 1992 ikionyesha kwamba mapigano yalichochewa na wenye madaraka. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa taarifa yake Septemba. Hapa makanisa yalifanya jambo ambalo Wamisheni wa 1911 hawakulifanya: yaliuliza hadharani nani alianzisha, kwa mamlaka gani, na kwa faida ya nani. Yaani yalitumia masharti ya Aquinas, pengine pasipo kumtaja, dhidi ya serikali ya nchi yao wenyewe, na yalifanya hivyo wakati ambapo kusema kulikuwa na hatari.

Miaka kumi na mitano baadaye hali ilikuwa tofauti. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 viongozi wengi wa makanisa walijulikana wako upande gani, na mara nyingi upande huo ulikuwa ule wa kabila la kiongozi mwenyewe. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret waliteketezwa humo. Januari 31, baada ya David Kimutai Too, mbunge wa Ainamoi, kuuawa kwa risasi na polisi mjini Eldoret, mpaka wa Borabu na Sotik ulilipuka tena, na soko la Chepilat, ambalo Wagusii na Wakipsigis walilitumia pamoja, likachomwa. Waliopigana pande zote mbili walikuwa wamebatizwa. Wengi wao walisoma Biblia zenye kulitaja neno wapatanishi, na Jumapili au Jumamosi walikuwa wamesimama mbele ya wahubiri ambao mwezi mmoja uliopita waliwaombea wagombea.

Februari 2008 Baraza la Makanisa lilitoa tamko la kukiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande na kwa hiyo walishindwa kuwa sauti ya kuliunganisha taifa. Siku chache baadaye, Februari 28, mapatano ya kitaifa yalitiwa saini Nairobi chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Lakini mapatano ya Nairobi hayakujenga upya vibanda vya Chepilat. Kazi hiyo iliwangoja wazee, wanawake wa sokoni na wachungaji wa pande mbili za barabara, waliopaswa kukaa chini na kuhesabu, kama katika etureti, nani amepoteza nini.